Kabla hujagusa roshani: tuliyoyaona kwenye nyumba yetu ya Mji wa Kale

Hapa Mji wa Kale wa Mombasa ukimwambia mtu nyumba yake iko ndani ya eneo la uhifadhi, swali la kwanza ni "kwani serikali wameichukua?" na la pili ni "kwa hivo siwezi hata kupiga msumari?" Majibu yote mawili ni la, lakini mtu akishaingiwa na hiyo hofu hasikii tena, anafanya mambo yake usiku usiku, fundi anaingizwa na mifuko ya simiti baada ya Isha, na hapo ndo matatizo yanapoanza.

Mimi haya nimeyajua kwa sababu familia ilinitwika kazi ya kufuatilia makaratasi ya nyumba ya babu upande wa Kibokoni. Sikuomba. Nilikuwa nimerudi Mombasa, sina watoto wadogo, na ami yangu alisema mbele za watu kwamba mimi nina mdomo. Basi ikawa hivo. Tangu hapo jirani yeyote akitaka kubadilisha dirisha ananipigia simu, nimeona bora niandike mara moja watu wasome, manake nimechoka kurudia voisi notsi.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida kwa huku, ghorofa mbili, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti, chini kuna chumba kimoja kinachopangishwa duka, mbele mlango wa nakshi ambao nusu yake imeliwa na rangi ya mafuta iliyopakwa safu juu ya safu, na juu yake roshani ya mbao imetokeza kichochoroni. Hiyo roshani ilikuwa imeanza kulala upande. Masika ikipita tunasikia mbao zinalia, na watoto wa madrasa wanapita chini yake kila siku. Kwa hivo haikuwa jambo la kusema tutaona mwakani.

Kikao cha familia kilikuwa na makundi matatu. Ami alitaka kubomoa yote, kumwaga zege, kupandisha ghorofa tano na kupangisha watalii. Shangazi hakutaka kitu kiguswe, hata ile rangi ya mafuta. Binamu walioko Dubai walisema watatuma hela ila kwanza waone picha ya "itakavyokuwa". Na kila mmoja alikuwa na hakika ya sheria inavyosema, ilhali hakuna aliyewahi kuisoma.

Kwa hivo nilianza hapo, na nitaeleza kwa ufupi manake ni kavu. Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa kuwa eneo la uhifadhi kwenye miaka ya 1990 kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, chini ya sheria ya zamani ya mambo ya kale. Halafu 2006 ikaja Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ambayo ndo inatumika sasa, na yale yaliyotangazwa zamani yakaendelea kuwa na nguvu. Hakuna kurudi nyuma kusema ati sheria ya kale ilikufa, nimemsikia mtu mzima akilisema hilo barazani na kahawa mkononi na wenzake wote wakatikisa kichwa kukubali.

Kutangazwa hakubadilishi mwenye nyumba. Hati ni yako, unaweza kuuza, unaweza kupangisha, unaweza kuirithisha, unaweza kuiweka wakf, yaani kuifunga kwa ajili ya Mungu. Kinachopungua ni ule uhuru wa kubadilisha utakavyo, hasa kile kinachoonekana na mpita njia: urefu wa nyumba, roshani, milango, madirisha, paa, mabango ya duka. Ndani Makumbusho ya Taifa wana mkono mwepesi zaidi, choo na jiko hakuna atakayekufuatilia sana, ila ukitaka kutoboa ukuta uliobeba dari, au kuziba zile zidaka za ukutani zilizochongwa kwa plasta, uliza kwanza.

Halafu kuna tofauti ambayo watu wanaichanganya na inaleta ugomvi bure. Kuna jengo ambalo lenyewe kwa jina lake limetangazwa mnara wa kihistoria ("monument" kwa Kiingereza, si lazima liwe mnara kweli), na kuna nyumba ambayo iko tu ndani ya eneo lililotangazwa. Fort Jesus ni ya aina ya kwanza. Wareno walianza kuijenga 1593, Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895, na 1958 ilipoacha kuwa jela ndo ikatangazwa. Nyumba yetu ni ya aina ya pili. Ya kwanza ina masharti makali zaidi, na mtu wa aina ya pili akitishwa kwa masharti ya aina ya kwanza anakata tamaa bure. Ila msisahau kwamba 2011 Fort Jesus iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mtaa wetu ndo mazingira yake, kwa hivo ghorofa refu likichomoza nyuma ya Ngome halibaki kuwa habari ya mwenye ploti peke yake. Ami nilipomweleza hilo alisema, "Sasa mimi nijenge niangalie UNESCO?" Nikamwambia, naam ami, kidogo.

Sasa njoo kwenye kazi yenyewe. Makumbusho ya Taifa wana afisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale hapa hapa Mombasa, na ushauri wangu kwa mtu yeyote ni kwenda huko kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa kitu, kabla hujamlipa msanifu, kabla hujaahidiana na fundi. Nenda na picha za nyumba, nakala ya hati na kitambulisho, ueleze tatizo. Mimi nilikwenda nimejikaza nikitarajia kugombezwa. Akaja kijana mmoja wa hiyo afisi mpaka nyumbani, amebeba futi ya kupimia, kamera na bisibisi. Hakuongea sana. Alipanda juu, akalala chali kwenye sakafu ya ukumbi kutazama dari, halafu akaanza kuchoma boriti moja moja kwa ile bisibisi, si katikati, pale kwenye kichwa ambapo boriti inaingia ukutani. Nyingine bisibisi inagonga na kurudi. Nyingine inazama mpaka mpini. Akawa anaweka alama ya chaki kwenye zile zilizooza, na alipomaliza ukiangalia dari unaona alama zote ziko upande mmoja, upande wa bafu la ghorofani. Akageuka akaniuliza, "Dada, hili bafu liliwekwa lini?"

Kumbe adui wetu alikuwa paipu. Bafu liliongezwa na mpangaji zamani, maji taka yanavuja polepole ndani ya ukuta, ukuta wa matumbawe unanyonya, kichwa cha boriti kinakaa ndani ya unyevu mwaka mzima, kinaoza, dari inashuka, na roshani ambayo mihimili yake ni mwendelezo wa ile ile dari inalala upande. Familia nzima ilikuwa inabishana kuhusu sheria na zege na UNESCO na kumbe kilichokuwa kinaiangusha nyumba ni bomba moja linalovuja. Nasema hivi manake kwenye nyumba nyingi nilizoingia baadaye nimekuta jambo lile lile: gata limeziba, maji ya AC yanadondokea ukutani, tangi la maji limewekwa juu ya dari ambayo haikuumbwa kubeba tangi. Anza na maji. Ukikarabati roshani bila kuziba maji umetupa hela baharini.

Baada ya hapo ndo kuna suala la afisi mbili. Makumbusho wanaangalia turathi, lakini kibali cha ujenzi kinatoka kaunti. Katiba ya 2010 iliyagawa hivo: minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa iko kwa serikali kuu, na mipango ya maendeleo ya mji iko kwa kaunti. Na kuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inayosema ukitaka kuendeleza ardhi au jengo uwe na kibali cha kaunti. Kwa Mji wa Kale unahitaji zote mbili zikubaliane. Ukienda kaunti bila barua ya Makumbusho utarudishwa, na ukipata ya Makumbusho ukadhani umemaliza utakuja kusimamishwa na askari wa kaunti na mafundi wako wamekaa chini wanakunywa chai kwa pesa yako. Sisi tulichora ramani, msanifu akaweka mbele na pembeni ya nyumba kama ilivyo sasa na kama itakavyokuwa, tukaandika vifaa vitakavyotumika, Makumbusho wakaweka maoni yao, ndo tukaingia kaunti.

Ilikuwa rahisi? Hapana. Kuna afisi moja sitaitaja faili letu lilipotea, likapatikana, likapotea tena, na kila mara naambiwa nilete nakala upya. Nilichokifanya kikasaidia ni kila karatasi ninayopeleka napeleka mbili, moja nagongewa muhuri wa kupokelewa na tarehe, narudi nayo nyumbani. Bila huo muhuri wewe hujawahi kufika. Na jueni pia kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mwananchi anaweza kuandika barua afisi ya umma akaomba habari au nakala, na wanatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Niliiandika hiyo barua kwa upole kabisa, Kiswahili safi, "kwa heshima na taadhima", na faili likaonekana. Sisemi zaidi.

Ukikataliwa kibali usinyamaze na usijenge kwa hasira. Kuna kamati ya kaunti ya kusikiliza rufaa za mipango ya ardhi, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Muda wa kukata rufaa ni mfupi, kwa hivo barua ya kukataliwa ikifika isome siku hiyo hiyo na umtafute wakili, usiiweke chini ya mto ukisubiri mjomba fulani anayejuana na mtu.

Mafundi sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Fundi wa kwanza aliyeletwa na ami alikuwa kijana mzuri, anajua zege, anajua vyuma, alitazama ukuta uliomenyeka akasema siku mbili tu, anapiga plasta ya simiti, anapaka rangi, kwisha. Bei yake ilikuwa tamu. Na kwa nyumba ya Kisauni ya matofali angekuwa sahihi. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unyevu unapanda kutoka chini na chumvi yake, unatokea usoni mwa ukuta, unakauka, unapata vumbi jeupe la chumvi unalifagia maisha yanaendelea. Ukiufunika kwa simiti ule unyevu hauna pa kutokea, unapanda juu zaidi, chumvi inakusanyika nyuma ya plasta, na baada ya masika mbili tatu plasta inabanduka ikiwa imeng'ang'ania vipande vya jiwe. Yaani simiti inaondoka na ukuta wako. Nendeni mkaangalie vichochoro vyetu wenyewe, kila mahali mnapoona plasta imevimba na kupasuka usawa wa kiuno, gongeni kwa ngumi mtasikia ni tupu, na ulizeni ilipigwa na nini.

Tulimpata mzee mmoja fundi wa chokaa. Ni wachache siku hizi na wengi ni wazee, hilo linanitia wasiwasi kuliko sheria yoyote. Yeye alianza kwa kubandua simiti yote ya zamani kwa tindo na nyundo ndogo, polepole, na alipofika kwenye jiwe akalilowesha maji kwa brashi mpaka likashiba. Chokaa yake alikuwa ameimwagia maji zamani kwenye shimo ikachemka ikatulia, ukiikata kwa mwiko inatoka laini haina punje. Mchanga alikataa wa pwani, akataka uliooshwa usio na chumvi, ami akasema mchanga ni mchanga, yule mzee akamwangalia tu akaendelea kuchekecha. Alipiga tabaka nyembamba, akaliacha, akatundika magunia yaliyoloweshwa mbele yake ili jua la Mombasa lisilikaushe haraka, kesho yake akaja kulowesha magunia tena. Nikamwuliza, "Mzee, kwani huwezi kupiga nene mara moja?" Akanijibu bila kugeuka, "Mwanangu, ukiwa na haraka kaite wale wa simiti."

Roshani nayo seremala hakuitupa. Alizipa namba mbao zote kwa chaki kabla ya kuzishusha, zilizofaa zikarudi pale pale, zilizooza zikachongwa upya kwa mfano wake. Hapo ndo Makumbusho walikuwa wakali, na nawaunga mkono. Walitaka mbao kwa mbao, nakshi kwa nakshi, hawakutaka aluminiamu iliyopakwa rangi ya kahawia. Boriti mpya zilikuwa shida kidogo, manake mikoko haikatwi ovyo, kuna vibali vya misitu, kwa hivo nunua kwa mtu mwenye karatasi zake. Na kwa wanaopenda kuuliza kwa nini vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, ni hiyo hiyo boriti, haiendi mbali, mara nyingi haizidi kama mita 3, chumba kinafuata mti.

Gharama sitaficha, inauma. Nilikwenda nikidhani uhifadhi unakuja na fungu la pesa. Mwenye nyumba ndiye analipa. Ushauri wa afisi ya uhifadhi ulitusaidia sana, walituchorea hata michoro ya nakshi, lakini hela ya mbao na ya fundi ilitoka kwa familia. Mimi nadhani hapa ndo sheria yetu ina upungufu: inamwambia mtu mwenye pato dogo usibadilishe, tumia mbao, tumia chokaa, halafu inamwacha na bili. Watu wanaposema nyumba zinaachwa zianguke kusudi ili mtu apate kujenga upya, ni kweli wapo, lakini wapo pia wanaoangalia dari inashuka na hawana la kufanya. Kama kuna jambo la kuwabana waheshimiwa wetu wa kaunti wakija kuomba kura ni hilo, wapunguze ada za vibali kwa wanaokarabati, wasomeshe vijana ufundi wa chokaa.

Lakini kama mnataka kujua nini hasa kinaua nyumba za Mji wa Kale, mimi nitawaambia ni mirathi isiyogawanywa. Nyumba ya babu ilikuwa bado kwa jina la babu. Babu alifariki zamani, watoto wake baadhi wamefariki, wajukuu wametapakaa, na kwenye karatasi mwenye nyumba ni marehemu. Sasa nani atatia sahihi fomu ya kibali? Tulilazimika kwenda Mahakama ya Kadhi kwanza, kila mrithi akajulikana na fungu lake, akachaguliwa msimamizi, ndo nikapata mtu wa kutia sahihi. Hilo peke yake lilichukua muda kuliko ukarabati. Mtu akiniuliza aanze wapi namwambia aanze hapo, hata kama roshani iko sawa, hata kama hana mpango wa kujenga. Wazee wakiwa hai mambo ni mepesi zaidi, wanakumbuka nani alilipwa fungu lake, nani alimwachia nani.

Na kama nyumba ni wakf ni hadithi nyingine tena, hapo hata familia nzima ikikubaliana haiwezi kuuza wala kugeuza matumizi kwa kupenda, kuna Kamisheni ya Wakf na kuna masharti ya aliyeiweka. Ulizeni kwanza. Kuna watu wameuziwa nyumba za wakf mchana kweupe.

Halafu wale wa Majengo na kwingineko wenye nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yako na ploti ni ya mtu mwingine unamlipa kodi ya ardhi, hizi nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati, wengi waniuliza kama wao pia wamo. Mipaka ya eneo la uhifadhi la Mji wa Kale ina ramani, usikisie, nenda ukaangalie ramani yenyewe kwenye afisi. Ukiwa nje ya mpaka haimaanishi jengo halina ulinzi, manake linaweza kuwa limetangazwa peke yake. Gazeti Rasmi la Serikali linapatikana mtandaoni bure kwenye tovuti ya Kenya Law, unatafuta jina la jengo au namba ya ploti. Na kabla hujanunua nyumba yoyote kisiwani fanya sachi ya ardhi, yaani uangalie kwenye rejista mwenyewe ni nani, halafu pita na Makumbusho uulize kwa maandishi. Dalali hatakwambia. Dalali atakwambia "hii unabomoa unapandisha" na macho yake yamekutazama vizuri tu.

Tangazo jipya likitoka na nyumba yako imo na wewe hukubali, una haki ya kupinga. Tangazo lenyewe linaandikwa muda wa kupeleka pingamizi kwa waziri. Tatizo ni kwamba watu hatusomi Gazeti, tunakuja kujua mambo yameshapita, kwa hivo kwenye mtaa wenu awepo hata kijana mmoja wa kulipitia kila Ijumaa linapotoka.

Jirani akijenga kinyume je? Hili ni gumu manake ni jirani, mmesoma madrasa moja, mtazikana. Sisi ilitokea nyumba ya nyuma wakaanza kupandisha nguzo za zege usiku, na nguzo moja ikawa inakula ukuta wetu. Tulianza na wazee wa mtaa, tukakaa, wakaahidi, wakaendelea. Ndo nikaandika barua mbili, moja Makumbusho moja kaunti, nikaambatanisha picha zenye tarehe. Kaunti wana mamlaka ya kutoa ilani ya kusimamisha ujenzi na hata kuamuru kilichojengwa kiondolewe, na kuharibu turathi iliyolindwa kuna faini na kuna kifungo. Kazi ilisimama. Salamu nazo zilisimama kwa muda, sitadanganya, mpaka Idi ilipokuja mama akapeleka sinia la mahamri na mbaazi upande ule na wao wakarudisha sinia na vitumbua.

Picha ni silaha, nisisitize hilo. Piga picha nyumba yako nje na ndani leo, kila upande, mlango, roshani, nakshi kwa karibu, uhifadhi mahali ambapo hazitapotea na simu. Zitakusaidia ukitaka kurudisha kitu kilichoharibika, ukidaiwa umebadilisha kitu ambacho hukubadilisha, na hata mlango ukiibiwa. Milango ya nakshi ina soko, na kuna watu wanapita na kusema mama huu umezeeka nitakuwekea mpya wa kisasa bure. Kuhamisha au kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi kuna sheria yake na kunahitaji kibali, kwa hivo huyo anayekuja na gari usiku si mkarimu.

Rangi pia naulizwa sana, hasa tangu 2018 kaunti ilipotaka majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, watu wakachanganya hilo na uhifadhi. Ile ilikuwa amri ya kaunti ya kupendezesha mji. Kwa nyumba ya chokaa suala kubwa zaidi ni rangi yenyewe ni ya aina gani: chokaa ya kupaka inaacha ukuta upumue, rangi ya mafuta au ile ya plastiki inauziba sawa na simiti. Nyeupe ya chokaa ni rahisi, unaipaka tena kila baada ya muda, na watoto wa nyumbani wanaweza kuipaka wenyewe.

Ami alishindwa kwenye ghorofa tano lakini hakushindwa kila kitu, na nadhani ilikuwa haki yake. Chini duka limebaki, juu tumetengeneza vyumba viwili vya wageni vyenye bafu lililohamishiwa upande wa uani ambako paipu zote zinaonekana na zikivuja tunajua siku hiyo hiyo, shangazi ana chumba chake kinachotazama roshani, na binamu wa Dubai wamepata picha zao. Kilichobaki ni tangi la maji. Ami analitaka juu ya paa ili presha iwe nzuri, injinia amesema kuta haziwezi bila kuongezwa nguvu, Makumbusho wamesema lisionekane kutoka barabarani, kwa hivo kwa sasa liko chini uani na pampu ndogo inayopiga kelele kila mtu akioga, na kila mtu akioga ami ananitumia meseji.